Mapumziko ya Saa Nne Nyumbani kwa Akina Ghati

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Ghati ilikuwa moja: kushusha nguo chafu kwenye mashine za kufulia zilizokuwa chini kabisa ya jengo lao, kuzilinda zisije zikatolewa na mtu mwenye haraka zake, kisha kuzipandisha zikiwa kavu. Hakuipenda kazi hiyo hata chembe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na aliamini kwamba mtoto aliyetoka Musoma hadi Bladensburg, katika jimbo la Maryland, hakuvuka bahari yote ile ili aje kutazama soksi za baba yake zikizunguka nyuma ya kioo.

Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1997, alishuka ngazi akiimba. Siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kuandaa sherehe.

Watu wa Afrika Mashariki waliokaa maeneo yale walikuwa na desturi yao. Kila mwezi familia moja iliwaita wengine nyumbani, na mwenyeji ndiye aliyechagua sherehe iwe ya namna gani. Sharti lilikuwa chakula kiwe chepesi na kipikwe nyumbani. Kamande, kijana wa Kikenya aliyesoma chuo kule Annandale, aliwahi kuja na piza ya kununua, akaambiwa akae nayo kwenye ngazi mpaka iishe. Zamu yake ilipofika alilipiza kisasi kwa kuandaa "siku ya mvua". Watu walikaa kwake wamevaa masweta na kofia za sufu, wakitafuna mahindi ya kuchoma na kunywa chai ya tangawizi, huku nje jua likiwaka na majasho yakiwatiririka. Walicheka hadi mbavu zikawauma.

Safari hii wazo lilitoka kwa Ghati mwenyewe. Alitaka wageni warudi kwenye mapumziko ya saa nne, yale ya shule za nyumbani, kengele inapogongwa na watoto wote wakakimbilia vitafunio. Watu wazima wangekuja wamevaa kama wanafunzi. Wangeuziwa maandazi, kachori, mihogo, karanga na barafu za ukwaju, na malipo yangekuwa kuimba wimbo wa shule au kutaja jedwali la kuzidisha bila kukosea. Mwita, baba yake, aliyekuwa dereva wa teksi, alikubali papo hapo kuwa mwalimu mkuu. Mama naye alisema hajawahi kusikia wazo zuri kama hilo, na Ghati alivimba kichwa wiki nzima.

Aliporudi na kikapu cha nguo kavu, mama alikuwa jikoni amejifunga kanga kiunoni. Unga wa maandazi ulikuwa umekandwa tangu asubuhi kwa siagi, maziwa na iliki, nao ulikuwa ukiumuka chini ya kitambaa karibu na dirisha. Viazi vya kachori vilikuwa vimechemshwa na kupondwa. Mihogo ilikuwa inatokota.

"Weka hicho kikapu uje," mama alisema. "Mafuta hayatoshi. Nenda duka kubwa, kule ng'ambo ya barabara, uniletee mafuta ya mahindi, yale ya chupa. Umesikia? Ya mahindi. Bi Mwanamwema na watu wake watakula hapa leo."

"Nimesikia, mama."

"Na usipitie popote."

"Sipiti popote."

Alipita. Nyuma ya jengo wasichana walikuwa wakiruka kamba mbili zinazozungushwa kwa kupishana, mchezo ambao Ghati alikuwa akijifunza tangu theluji ilipoyeyuka, na kila siku kamba zilimnasa miguu kabla hajaruka vizuri. Alisimama atazame kidogo tu. Wakamwita. Akaingia, akaruka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kamba hazikumnasa! Akaruka tena, na tena, wenzake wakimpigia makofi. Alipokuja kukumbuka mafuta, kivuli cha jengo kilikuwa kimeshahama upande wa pili.

Duka kubwa lilikuwa mbali. Pale kona, hatua chache tu kutoka alipokuwa, palikuwa na duka dogo. Ghati akaingia mbio. Mafuta ya mahindi yalikuwa yamekwisha.

"Unataka kukaanga?" mwenye duka alimuuliza kwa Kiingereza. "Chukua haya. Kwa kukaangia hakuna kama haya."

Akampa kopo la plastiki lililojaa mafuta meupe ya mgando. Ghati akafurahi kuyaona. Yalifanana mno na yale mafuta ya kopo waliyopikia Musoma, yale ambayo bibi yake aliyachota kwa kijiko na kuyagonga kwenye ukingo wa sufuria. Maandishi makubwa ya kwenye kopo yalikuwa ya Kihispania, naye hakukijua Kihispania. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, lugha aliyoisoma vizuri tu, lakini hakuyasoma. Mwenye duka hakumdanganya. Aliulizwa mafuta ya kukaangia, na kweli aliyotoa yalikuwa ya kukaangia.

Alipofika nyumbani mama alikuwa ameinama akitoa mihogo kwenye maji ya moto. Ghati akayakomba mafuta yote kwa mwiko, akayatia haraka haraka kwenye karai lililokuwa motoni, akalificha kopo ndani ya kikapu cha nguo.

"Mbona umechelewa hivyo?"

"Foleni, mama."

"Umepata ya mahindi?"

"Nimepata."

"Kule kule nilikokutuma?"

"Ndiyo, mama."

Mama aligeuka, akayaona mafuta yakiwa yameyeyuka kwenye karai. Hakuuliza zaidi. Alikuwa na kazi nyingi, na mtoto wake alikuwa ameshajibu. Wakaanza kukaanga. Maandazi yaliumuka yakawa manene, kachori zikaiva rangi ya dhahabu, na nyumba nzima ikanukia iliki. Hawakukaanga unga wote. Mama alisema sehemu ibaki, wageni wakianza kula wapate na ya moto. Ghati aliona mambo yamemnyookea. Ameruka kamba, maandazi yameiva, na hakuna aliyegombezwa.

"Sasa tafuta chombo cha karanga," mama alisema.

Kwao kopo la plastiki halikutupwa kamwe. Ukifungua la siagi kwenye friji ulikuta maharage. Ukifungua la aiskrimu ulikuta dagaa. Lakini siku hiyo makopo yote yalikuwa na kazi. Ghati akalikumbuka lile alilolificha. Akalitoa, akaliingiza kwenye sinki, akalisugua kwa sabuni. Alipolipangusa, macho yakaangukia yale maandishi madogo.

Mafuta ya nguruwe.

Akasoma tena. Yalikuwa yaleyale. Kopo likamponyoka likagonga sinki.

"Vunja vyote!" mama alimtania kutoka chumbani, alikokuwa akivaa. Alitoka amevaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe, nywele amezifunga vifundo viwili, na Ghati, ambaye siku nyingine angeanguka kwa kicheko, alimtazama tu.

Bi Mwanamwema alikaa ghorofa ya juu yao. Alikuwa mtu wa Mombasa, mtu wa swala tano, na nguruwe kwake hakuwa kitu cha kuguswa, sembuse kuliwa. Binti yake Ummu alikuwa rafiki mkubwa wa Ghati. Mwaka uliopita, Ghati alipoanza shule akiwa hajui hata mlango wa choo uko wapi, Ummu ndiye aliyemshika mkono. Ummu alizaliwa huku. Kiswahili alikielewa chote ila alikijibu kwa Kiingereza, na siku ile alijitahidi kwa Kiswahili chake kibovu mpaka Ghati akaacha kulia. Kwenye chakula cha mchana shuleni, Ummu aliichunguza kila sahani kabla hajaigusa. Ghati alikuwa akimsaidia kuchunguza.

Afanye nini? Akisema, mama ataaibika mbele ya wageni kwa sherehe yao ya kwanza, naye Ghati atajulikana kuwa mwongo. Asiposema, hakuna atakayejua. Andazi ni andazi; mafuta hayaachi jina juu yake. Alilisukuma kopo nyuma ya sabuni, chini ya sinki, akajiambia kwamba atatafuta njia. Hakuwa na njia yoyote. Alikuwa akiogopa, basi.

Mlango uligongwa. Wa kwanza alikuwa Ummu, amevaa sare ya kubuni. Alikwenda moja kwa moja hadi jikoni, akachukua kachori.

"Usile!" Ghati akamnyang'anya.

"Come on, Ghati! Moja tu."

"Mpaka kengele. Ni sheria ya shule."

Ummu akacheka, akidhani ni mchezo. Ghati akairudisha kachori kwenye sinia.

Wageni wakaja kwa makundi. Kamande alifika amevaa kaptura ya kaki iliyombana, soksi zimevutwa hadi magotini. "Mnaona hii miguu?" alisema. "Hii ndiyo ilinifanya nikimbizwe na mwalimu kijiji kizima cha Thogoto!" Kisha akaingia jikoni bila kualikwa na kutoka akitafuna. Baba alikuwa amesimama katikati ya sebule, tai shingoni, kalamu tatu mfukoni, akikagua kucha za watu wazima na kuwafokea waliochelewa. Sebule ilijaa vicheko. Kila kicheko kilimwongezea Ghati uzito kifuani.

Bi Mwanamwema aliingia mwisho, mtandio mweupe kichwani kama msichana wa madrasa, daftari tupu kwapani.

"Shikamoo, Mama Ummu," Ghati alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia haya yote ni akili yako." Akamshika shavu. "Mashallah. Mimi leo sikula chamcha, nimeliwekea tumbo nafasi."

Baba akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. "Mapumziko! Nani wa kwanza?"

"Mwanamwema!" watu wakapiga kelele.

"Jedwali la saba," baba akaamuru.

Bi Mwanamwema akaweka mikono nyuma, akasimama wima, akaanza. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Alikwenda bila kusita, sauti nyembamba ya kitoto, watu wakishangilia kila jibu. Alipomaliza, mama alimletea sahani yeye mwenyewe, amejaa tabasamu. Ghati alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni. Aliuona mkono wa Bi Mwanamwema ukichagua andazi nono kuliko yote.

"Bismillahi," alisema Bi Mwanamwema, akalinyanyua.

"Usile!"

Sauti ilimtoka Ghati kubwa kuliko alivyotaka. Watu wote wakageuka. Baba alibaki na mwiko juu.

"Nayo ni sheria ya shule?" Ummu aliuliza kwa kicheko, lakini alipouona uso wa mwenzake akanyamaza.

"Usile, Mama Ummu. Tafadhali." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe."

Mama alimtazama Ghati kama ambaye hakusikia vizuri. "Mafuta gani? Si ya mahindi?"

"Si ya mahindi, mama. Nilicheza kamba nikachelewa. Sikwenda duka kubwa, nilinunua pale kona. Sikusoma. Halafu nikakudanganya." Alikimbilia jikoni, akalivuta lile kopo kutoka chini ya sinki, akaja nalo mbele ya wote. "Nimesoma sasa hivi, wakati wa kuliosha. Nikaogopa kusema."

Mama akalipokea kopo, akalisoma, akaketi polepole kwenye kochi. Vifundo vyake viwili vya nywele vilionekana vya ajabu sasa. "Bi Mwanamwema," alisema, "sijui nikwambie nini. Ningekulisha haramu kwa mkono wangu."

Bi Mwanamwema alilirudisha andazi kwenye sahani. Hakulitupa, aliliweka taratibu. Akamtazama binti yake. "Ummu, umekula?"

"No, mama. Ghati alininyang'anya."

"Nani mwingine katika watu wetu amekula?"

Hakuna. Hata karanga zilikuwa hazijaguswa.

"Alhamdulillahi," akasema, na pumzi ndefu ikamtoka. Wengine nao wakapumua.

"Mimi nimekula," sauti nyembamba ilitoka kwenye pembe. Ilikuwa ya Kamande, andazi jingine mkononi. "Manne hivi. Lakini mimi ni Mpresbiteri, msinihesabu."

Baba ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na Bi Mwanamwema mwenyewe, mpaka mtandio ukamtoka kichwani. Ghati alikuwa bado analia, ila sasa kilio kilikuwa cha namna nyingine. Kile kitu kizito kilichomkaba kifuani kilikuwa kimetoka, na hewa ilimwingia mpaka chini kabisa.

"Sasa tutawapa watu nini?" mama aliuliza, akitazama masinia yake yaliyojaa.

"Unga umebaki?" Bi Mwanamwema aliuliza.

"Umebaki, na viazi pia. Havijagusa karai. Mihogo ni ya kuchemsha tu."

"Basi mwalimu mkuu ametangaza mapumziko marefu. Sivyo, mwalimu?"

"Marefu mno!" baba akajibu, akagonga mfuniko.

"Haya, nioshe mikono kwanza, kisha unga na viazi vyende juu kwangu. Karai langu lipo na mafuta yapo. Watoto watasukuma, mimi nitakaanga. Mama Ghati, wewe bandika chai."

Kamande akateremsha masinia yale ya kwanza mezani kabla hajaambiwa. "Hizi nitaondoka nazo," alisema. "Kule kwetu Annandale tuko wanafunzi sita kwa nyumba moja, na hakuna hata mmoja anajua kupika." Akapewa mfuko. Hakuwa na haya hata kidogo.

Jikoni kwa Bi Mwanamwema watoto walijipanga kando ya meza, wakisukuma na kukata. Ummu alisimama karibu na Ghati. Kisha Ummu akampaka unga puani.

"Umenikasirikia?" Ghati aliuliza.

"Kidogo. Kwa sababu kachori ilikuwa inanukia so good." Wakacheka wote wawili.

Mama alipanda kuleta bakuli la viazi. Alisimama mbele ya Ghati, naye Ghati akainamisha kichwa.

"Kosa la duka ningelimaliza pale pale mlangoni," mama alisema. "Ungeniambia, tungeyamwaga, ungerudi mbio ukaleta mengine, na ningekugombeza mpaka nichoke. Basi, yangekwisha. Lakini uliponidanganya, kosa likaingia jikoni, likakaanga maandazi, likavaa nguo nzuri likakaribisha wageni. Unaona lilivyokua?"

"Ninaona, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Karai utaliosha wewe, kwa maji ya moto na majivu ya jiko la baba yako la nyama choma, mpaka nijione uso. Na wiki hii huna kamba."

"Ndiyo, mama," Ghati alisema, na kusema kweli adhabu ile ilimpa raha. Angeosha makarai ya jengo zima.

Bi Mwanamwema aligeuza maandazi kwenye mafuta, akayaopoa, akamwita Ghati karibu.

"Njoo nikwambie, mwanangu. Mji huu kila ninapoalikwa, nauliza. Mmepikia nini? Nyama mwaitoa wapi? Watu wachoka na maswali yangu, nami nachoka kuyauliza. Nyumba ya mamako ndiyo siulizi. Sasa, leo ungenyamaza, mimi ningekula, na Mungu ajua sikujua. Dhambi isingekuwa yangu. Lakini wewe ungejua. Kila tukikutana ngazini ungelitazama chini. Urafiki wetu ungekwisha, na mimi nisingejua ulikwisha lini."

Ghati akafuta machozi kwa mkono wenye unga. "Sasa utakuwa unauliza na kwetu?"

"Niulize ya nini?" Bi Mwanamwema alisema. "Nyumba ina mtoto wa kunipigia kelele nisile. Watu wazima wangapi wangeweza, mbele ya watu wote wale? Ukweli wako ulichelewa, mwanangu, lakini ulinifikia kabla ya andazi kunifika mdomoni. Siku nyingine uwahishe. Mtu hula kwa raha pale anapojua kwamba hatafichwa kitu."

Wakashuka wote na masinia yanayofuka moshi. Sebuleni watu walikuwa wamechoka kusubiri, wanaimba nyimbo za mchakamchaka huku Kamande akiwaongoza kwa kaptura yake. Mama alikuwa amekwisha kumimina chai ya maziwa kwenye vikombe. Alichukua kimoja, akasita, akamtazama jirani yake kwa wasiwasi. Bi Mwanamwema akakitwaa kikombe mkononi mwake, akapiga bismillahi, akanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Kisha akadai aongezwe sukari.